Pakiti ya Mwisho ya Risasi Nzito

Gogo lilikuwa limelala chini ya maji ya tope, na Feodor aliliona wakati limeshaikata injini. Boti iliinuka upande mmoja, ikageuzwa na mkondo na kuanza kujaa maji. Mabegi yalielea, kisha mapipa ya mafuta, kisha hema. Bunduki ya Feodor iliteleza kutoka kwenye kiti cha mbele, ikazama ikiwa bado ndani ya mfuko wake.

Kitu cha kwanza Yako alichokikamata ni bunduki yake mwenyewe. Aliivaa begani, ndipo akageuka na kumwona binamu yake Feodor amebanwa mkono kati ya boti na gogo, mdomo wazi, sauti haitoki. Aliruka majini. Maji ya mto Holitna mwezi wa tisa hayana huruma, na kabla hajahesabu hadi kumi hakuwa tena na hisia miguuni. Aliisukuma boti kwa bega hadi mkono ukachomoka, kisha wakaburutana mpaka kwenye ukingo wa changarawe na kulala pale wakitetemeka.

Boti ilikwama mita hamsini chini yao, ikiwa imeinama. Waliokoa walichoweza: turubai, sanduku la vifaa, birika, nusu mfuko wa samaki wa moshi, na biskuti ngumu zilizogeuka uji. Redio ilikuwa imekufa. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Feodor vilikuwa vimevunjika, na kiganja kimechanika hadi mfupa ukaonekana. Yako alikiosha kwa maji ya moto, akakifunga kwa kitambaa cha shati lake na vijiti viwili vilivyonyooka.

"Nyumbani tuliwaambia siku ngapi?" Feodor aliuliza.

"Kumi. Leo ya tatu."

Maana yake ni kwamba kwa siku saba hakuna mtu ambaye angewaza kuwatafuta. Kwenda kwa miguu hakukufaa, kwa kuwa kati yao na kijiji cha karibu kulikuwa na vinamasi vya kummeza mtu. Wakakata shauri kubaki pale pale ukingoni, kuwasha moto na kungoja wawindaji wengine watakaoteremka na mto. Lakini chakula kilikuwa cha siku mbili.

"Angalau tuna bunduki moja," Feodor alisema. Akaingiza mkono mzima ndani ya koti lake na kutoa pakiti ya risasi iliyofungwa kwenye nailoni. Ilikuwa kavu kabisa. "Na bahati yetu zote mbili zilikuwa za aina moja. Tumia hizi."

Yako aliitazama ile pakiti, na kile kidonda cha ndani kikaanza kumchoma upya.

Mwaka ule risasi zilikuwa zimeadimika kila mahali. Rafu za duka la mjini, zilizokuwa zikijaa hadi juu, zilibaki na vumbi na karatasi za bei. Mzigo ukija kwa ndege, watu walipanga foleni kabla duka halijafunguliwa, na kila mtu aliruhusiwa pakiti moja tu. Siku ile Yako alikuwa wa tisa katika foleni. Wa nane alikuwa Feodor.

Walipofika kaunta, kwa bunduki za aina yao zilikuwa zimebaki pakiti mbili. Moja ilikuwa ya risasi nzito, zile za uzito wa mia na themanini, zinazopenya mfupa wa bega na kufika moyoni. Nyingine ilikuwa ya risasi nyepesi za kuwindia mbweha, ambazo zingepasukia kwenye ngozi ya mnyama mkubwa na kumwacha akimbie na maumivu. Feodor alichukua zile nzito. Muuzaji akamsukumia Yako zile nyepesi, na alipoona uso wake akamwonyesha pakiti za bunduki za aina nyingine, kana kwamba mtu anaweza kuvaa kiatu cha mguu wa jirani.

Yako alitoka mikono mitupu. Hazikuwa risasi tu zilizomuuma. Mwaka uliotangulia Feodor alirudi na tuntuvak, yule paa mkubwa kuliko farasi mwenye pembe pana kama masinia, na kijiji kizima kikala. Mwaka wa kabla yake vilevile. Mama yake Yako, ambaye Feodor alimwita shangazi, alikuwa akiitaja nyama ya mtoto wa kaka yake kwa kila mgeni aliyeingia. Kwa Wayupik, watu wa kabila lao, binamu ni mtani, na utani ni haki yake, kwa hiyo Feodor alimtania Yako kuhusu mikono mitupu kila walipokutana, na Yako alicheka kama desturi inavyotaka. Akifika nyumbani kicheko kile kilikuwa kimeshachacha.

Basi alikwenda kwa mtu mmoja nyuma ya uwanja wa ndege aliyekuwa akijaza upya maganda yaliyotumika. Mtu yule alikuwa na maombi mengi kuliko mikono, na alifanya kazi huku simu ikiwa sikioni. Yako alinunua risasi ishirini. Alijaribu tatu kwenye ubao, zote zikatoka vizuri, akajiambia yametosha. Hakumwambia mtu zilikotoka.

"Bunduki yangu nimeilenga kwa risasi zangu," alimjibu Feodor sasa, pale kando ya moto. "Nikibadilisha uzito, itapiga kwingine."

"Kwingine kwa upana wa vidole viwili, binamu. Ubavu wa tuntuvak ni mpana kama mlango. Hata wewe huwezi kuukosa mlango."

Yako hakucheka. Alitoa tano zake mfukoni, akazitia kwenye bunduki na kulala akiwa ameipa mgongo pakiti ya mwenzake.

Siku ya tano theluji ilianguka. Samaki walikuwa wamekwisha, wakabaki kunywa maji ya moto yenye majani ya chai yaliyochemshwa mara nne. Mkono wa Feodor ulivimba hadi kwenye kifundo, na macho yake yaling'aa kwa homa. Hata hivyo ni yeye aliyelisikia dume kwanza. Aliinua kidevu kuelekea ng'ambo ya kidimbwi, na kweli, tuntuvak alikuwa anatoka vichakani, theluji mgongoni, hatua themanini hivi, ubavu wazi.

Yako alipiga goti. Alivuta pumzi, akaiachia nusu, akafyatua.

Bunduki ilitoa mlio mdogo, kama kizibo cha chupa. Haikurusha kitako wala haikutikisa bega. Dume liliinua kichwa na kutazama. Mkono wa Yako, kwa mazoea ya miaka, ulikuwa umeshavuta komeo la bunduki, ganda likaruka, risasi nyingine ikaingia. Kidole kikarudi kwenye kifyatulio.

Feodor alijitupa juu yake. Aliuweka ule mkono uliovunjika juu ya komeo na kuukandamiza, na jasho likamtoka usoni.

"Acha," alisema kwa kunong'ona. "Ile haikutoka. Imo ndani ya mtutu. Ukifyatua, bunduki inakupasukia usoni."

Dume liligeuka na kuondoka polepole. Walilitazama mpaka matako yake yakapotelea msituni.

Yako alitoa risasi zote. Aliokota ganda lililoruka, akalinusa. Halikunuka baruti. Yule mtu alikuwa amesahau kuitia, na fataki, ile ya kuwashia baruti, peke yake ilikuwa imeisukuma risasi vidole vichache tu ndani ya mtutu.

"Ulizinunua wapi?"

Yako akamweleza yote, macho yakiwa chini kwenye changarawe.

"Ungeniambia palepale dukani ningekupa zangu," Feodor alisema. "Nyumbani nilikuwa na sita za mwaka jana. Nilidhani hutaki kitu. Ulisimama nyuma yangu ukitazama ukuta."

"Ndiyo maana sikukuambia. Ungenipa." Sauti ya Yako ilikwaruza. "Kila kitu kizuri kinapita kwako kwanza, halafu unanigawia. Hata mama yangu unanigawia. Nimekuonea wivu mpaka nimechoka, Feodor. Boti ilipopinduka niliishika bunduki kabla ya kukushika wewe."

Feodor aliuvuta mkono wake uliovunjika kifuani.

"Niliona," alisema. "Leta sanduku la vifaa."

Ndani yake mlikuwa na ufito wa shaba ambao Feodor alikuwa akiutumia kuzibulia mabomba ya injini. Uliingia kwenye mtutu. Waliudondoshea mafuta ya injini, Feodor akaibana bunduki kwa magoti, na Yako akaugonga ufito kwa jiwe kutoka mdomoni mwa mtutu, polepole, akiogopa kuupinda. Alasiri yote iliishia hapo. Walipokezana maneno machache: inua, ngoja, ongeza mafuta. Mwanga ulikuwa umeanza kufifia risasi ilipodondoka kupitia nyuma, imekwaruzika, ndogo kama jino.

Yako alizitupa zote zilizobaki mtoni. Kisha akanyoosha mkono, na Feodor akamwekea ile pakiti kiganjani.

Dume lile halikurudi. Siku ya saba asubuhi alikuja mwingine, kijana, mwenye pembe fupi, akinywa maji juu kidogo ya mto. Yako alitambaa kwenye theluji kwa nusu saa kwa sababu hakujua zile risasi nzito zingepiga wapi, na alitaka kuwa karibu kiasi cha kutokosea. Akiwa hatua arobaini alifyatua. Kitako kilimpiga bega kwa nguvu, na yule mnyama alipiga hatua tatu tu, akaanguka.

Walikula ini likiwa bado linatoa mvuke. Yako alimkatia binamu yake vipande vidogo na kumtia mdomoni, kwa kuwa Feodor hakuweza tena kushika kisu. Homa ilipanda. Usiku na mchana Yako alichochea moto, akabadilisha kitambaa, akamnywesha mchuzi.

Siku ya tisa walisikia injini. Ilikuwa boti ya mzee Nikifor na mwanawe, wakiteremka kutoka kwenye uwindaji wao. Mzee aliwatazama, akatazama mkono wa Feodor, kisha akatazama nyama iliyotundikwa chini ya turubai.

"Feodor tena," alisema kwa kuridhika. "Hata kwa mkono mmoja."

Kile kitu kikanyanyuka kifuani mwa Yako, kilekile, kana kwamba siku zote zile hazikuwapo. Feodor alitikisa kichwa na kumwonyesha Yako kwa kidevu.

"Ni yeye, babu. Amemwendea kwa tumbo kama mbweha. Ungemwona ungecheka."

Mzee akageuka na kumtazama Yako kwa namna ambayo hakuna mtu aliyewahi kumtazama. Yako aliungoja utamu wa sifa ile. Ulikuja, naye akauacha ukae kidogo.

"Risasi ilikuwa yake," akasema. "Zangu zilikuwa mbovu. Zilikaribia kuniua, na yeye ndiye aliyezuia, kwa mkono huo."

Walipakia nyama, wakamlaza Feodor juu ya ngozi mbichi, mwana wa Nikifor akasukuma boti kutoka kwenye changarawe. Upepo ulikuwa mkali, na Yako akaketi upande unakotokea ili umpige yeye. Kabla hawajapita kona ya pili, Feodor alikuwa amelala, kichwa kikiwa begani kwa binamu yake. Safari ilichukua saa nane. Bega liliuma, kisha likafa ganzi, na Yako hakulisogeza.