Jeneza la Sadaka

Saa nne na dakika kumi asubuhi.

Chumba cha nyuma cha kinyozi hakikuwa na dirisha. Watu wanne, meza moja, buli la kahawa ya dengu zilizounguzwa. Kahawa yenyewe ilikwenda na vita.

Luteni Oquendo alimwaga majivu mezani, akachora kwa kidole.

"Hili lango. Hili banda la wagonjwa wa homa. Hili ghala. Ua ni mmoja. Kwinini, dawa ya homa ya kutetemeka, imo ghalani, makopo kwa makopo. Hawa Yankii wa Marekani wameifungia kama dhahabu."

"Na watu wanakufa ng'ambo ya ukuta," alisema Tano.

"Si watu wao."

Tano aliendesha mkokoteni wa maiti. Kila mchana aliingia ua ule kubeba waliokufa. Jeneza lilikuwa moja tu kwa maskini wote wa Santiago. La sadaka. Maiti hubebwa nalo hadi makaburini, humiminwa shimoni, jeneza likarudi kumngoja mwingine. Hakuna askari aliyewahi kulifungua. Mwenye akili zake hafungui sanduku la homa ya manjano.

"Mtaingia nalo tupu, mtatoka nalo limejaa," alisema Luteni. "Saa saba na robo. Mhispania amelala usingizi wake wa mchana. Yankii hajalizoea jua letu, anasinzia kama kuku mwenye kideri."

"Na ufunguo?" aliuliza Eligio Barzaga.

Luteni aliutupa mezani. Ulikuwa mpya, unang'aa.

"Umeutoa wapi?"

"Kwa karani mmoja Mhispania mlevi. Yankii mimi sijamsogelea hata mmoja. Sasa, swahiba, unataka kwinini au unataka hadithi?"

Eligio aliuchukua ufunguo. Alitaka kwinini. Binti yake Amparo alikuwa na siku ya nane kitandani, akitetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Hakuwa na mwingine. Mama wa mtoto, Rosalía, alikufa mwaka jana, Wahispania walipowaswaga watu wa mashamba mjini na kuwafungia nyuma ya waya ili wasiwalishe waasi. Amri ile ilitiwa sahihi na mtu anayekula mara tatu kwa siku. Rosalía alikufa na ganda la kiazi mdomoni.

Halafu Yankii wakaja na meli zao. Mhispania akasalimu amri. Na waliopigana miaka mitatu msituni wakaambiwa wakae nje ya mji, wasiingie, wasije wakafanya fujo. Makarani wa Kihispania wakabaki kwenye viti vyao vilevile. Kaondoka chui, kaja simba, na mbuzi ni yuleyule.

"Kikapu cha Nicanora kinatosha makopo mawili," alisema Eligio. "Anapita mlango wa jikoni kila siku. Jeneza la nini?"

Nicanora alikuwa dobi wa banda la homa, mwanamke wa mikono mikubwa na mdomo usio na kufuli. Alicheka. "Mwacheni. Anaogopa kulikaribia kabla ya siku zake."

"Makopo mawili!" alisema Luteni. "Mtaa mzima unatetemeka, wewe unataka kuuponya kwa kijiko?"

"Kapteni wa Yankii anatafuta Mcuba wa kuongoza polisi wapya," Nicanora alisema akimimina kahawa. "Jikoni hawazungumzi lingine. Ati atusafishie mji, atuondolee majambazi."

"Atampata," alisema Luteni, akayafuta majivu kwa kiganja.

Kiganja cha kushoto. Oquendo alikuwa shoto. Yeye na Eligio walisokota sigara benchi moja miaka kumi na miwili kabla ya kwenda msituni. Jani la Oquendo lilizunguka kinyume cha majani ya wenzake wote, na kichwani mwa sigara aliacha alama ya kucha, kama mwezi mwandamo. Msimamizi alimtukana, akamkata ujira. Hakuacha. "Mtu akivuta," alikuwa akisema, "ajue ni mimi."

Msituni alimbeba Eligio mgongoni siku mbili, risasi ikiwa pajani. Mtu kama huyo humuulizi ufunguo mara ya pili.

Saa sita na dakika hamsini.

Mkokoteni uliteremka kuelekea bandarini. Tai walikuwa juu ya paa la forodha, wamejipanga kama madiwani.

"Twende, Gavana," Tano alimwambia nyumbu wake.

"Kwa nini unamwita Gavana?"

"Anakula, hafanyi kazi, na ukimsogelea kwa nyuma anakupiga teke."

Eligio alitaka kucheka. Kicheko hakikutoka. Mtaa ulikuwa mtupu mno. Hata wauza maji hawakuwapo.

Saa saba na robo.

Askari wa lango alijiziba pua kwa kitambaa, akawapungia wapite. Hakutazama jeneza. Alitazama saa yake.

"Umeona?" alinong'ona Eligio.

"Nimeona nini?"

"Basi tu."

Saa saba na dakika ishirini.

Ufunguo uliingia, ukazunguka bila kelele. Kufuli lilikuwa limepakwa mafuta. Ndani hapakuwa na mlinzi. Makopo ya kwinini yalipangwa rafuni. Pembeni, meza ya Kapteni. Kofia yake. Kikombe. Na nyuma ya kikombe, furushi la sigara lililofungwa utepe wa hariri wa manjano.

Eligio alisimama.

Kila msokotaji wa mji ule aliujua utepe huo. Ukipata kazi, siku ya kwanza unamsokotea aliyekuajiri sigara ishirini na tano, unazifunga utepe wa manjano, unampelekea kwa mkono wako. Usipofanya hivyo, kazi haikai.

Alichomoa moja. Jani lilizunguka kinyume. Kichwani, mwezi mwandamo.

"Pakia, kaka!" Tano alihema mlangoni. "Unavuta sigara saa hizi?"

"Luteni ameajiriwa."

"Na nani?"

Eligio alimwonyesha utepe. Tano alichungulia kwenye ufa wa ukuta wa mtaani, akarudi amekuwa wa majivu.

"Farasi sita. Bunduki. Na Luteni mwenyewe yupo, kavaa kofia mpya."

Ndiyo maana ya jeneza. Kikapu cha dobi hakimpi mtu ukubwa. Majambazi wawili na jeneza la wizi, mbele ya Kapteni, mchana kweupe, hapo mtu anapata polisi wake.

"Tukimbie kupitia jikoni," alisema Tano.

"Tusipotokea langoni watafunga mtaa, watafungua kila kitu. Hata kikapu." Eligio alishusha makopo mawili. "Mwite Nicanora."

Nicanora alikuja na kikapu chake, akasikiliza, safari hii bila neno la mzaha. Alifukia makopo chini ya mashuka yenye damu na matapishi meusi.

"Na nyinyi?"

"Kopo moja la Amparo. Jingine la mtaa. Sisi tukifungua lango, wewe utoke."

"Eligio, baba—"

"Nenda, dada. Usigeuke."

Alimgeukia Tano. "Nawe mfuate."

"Nimwache nyumbu wangu na Yankii?" Tano alitema mate. "Watampa cheo."

Saa saba na dakika thelathini na tano.

Lango lilifunguka. Bunduki sita zikawatazama. Kapteni alikuwa kivulini. Luteni Oquendo alitoka mbele, kitambaa kipya cha bluu kimefungwa mkononi, sauti ya hadhara.

"Shukeni, majambazi! Fungueni!"

"Ni homa, bwana mkubwa," alisema Tano.

"Fungua!"

Tano alivuta kifuniko.

Jeneza lilikuwa tupu. Katikati, kichwa kikielekea upande wa kichwa, ililala sigara moja.

Kapteni alisogea. Aliitazama. Taratibu akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa sigara yake, akazilinganisha. Mkunjo mmoja. Mwezi mmoja. Alimgeukia Luteni, akasema neno kwa lugha yao, na neno lile halikuhitaji mkalimani.

"Hongera kwa kazi, Luteni," alisema Eligio. "Sisi hukutufungia utepe."

Uso wa Oquendo ulichemka. "Iko wapi? Kwinini iko wapi?"

Nyuma ya farasi, mwanamke mwenye kikapu kichwani alikuwa anapita. Harufu ilimtangulia. Askari mmoja alimvuta farasi wake kando kumpisha.

"Iko wapi, Eligio?"

Eligio alimtazama machoni tu, asije akatazama kwingine.

Mkono wa kushoto uliingia kiunoni. Mlio mmoja. Gavana aliruka, Tano akaanguka na hatamu, askari wakamrukia. Eligio alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu, akishangaa jinsi tumbo lilivyokuwa la moto. Kapteni alikuwa anapiga kelele, na kelele zilikuwa zinakwenda mbali.

Alihesabu hatua za Nicanora. Sasa amefika kona ya kinyozi. Sasa anapanda kilima cha Tívoli. Sasa anasukuma mlango kwa goti, maana mikono imeshika kikapu.

Kwinini ni chungu. Amparo atakunja uso, alifikiri, vilevile kama mama yake.