Zamu ya Adolf

Skolastika alikuwa anapanga vitenge mbele ya duka lake sokoni Mwanga, gauni la zambarau limemkaa vizuri, mteja mmoja alipoinama kushika kitambaa na asikiachie.

"Hicho kinauzwa, baba, hakipapaswi bure," alisema. Kisha akamwona usoni. "Telesphory?"

"Bado mkali, Skola."

Hawakuwa wameonana kwa miaka thelathini. Mara ya mwisho ilikuwa Lukombe, ng'ambo ya ziwa, mji wa makaa ya mawe uliowavuta Waha wengi wa Kigoma kwenda kutafuta kazi. Ulikuwa na sinema, bendi ya tarumbeta, na king'ora cha kuitia zamu. Telesphory alikuwa mchimbaji, na Skolastika mchumba wake. Kisha maji yakabomoa ukuta shimoni, wachimbaji wakafa, akiwemo Adolf, kaka yake Skolastika. Mgodi ukafungwa. Reli ziling'olewa zikauzwa kama chuma chakavu, na watu wakavuka ziwa na milango ya nyumba zao ndani ya maboti. Telesphory alikuwa ametoweka hata matanga hayajaisha.

Sasa alikuwa mgane, fundi wa injini za maboti Kibirizi. Skolastika alikuwa mjane. Simu zikaanza.

"Umefunga duka?"

"Nafunga. Unataka nini, mzee mzima?"

"Nataka kusikia sauti tu, mpenzi."

"Sauti yangu haisikilizwi bure. Kesho lete samaki, migebuka ya ziwani."

Akaileta, shati jeupe limepigwa pasi, kofia mkononi. Skolastika akaanza tena kupaka wanja. Siku moja alimuuliza kwa nini aliondoka bila kuaga.

"Niliuogopa ule mji, Skola."

Akaridhika, kwa sababu alitaka kuridhika.

Alipokubali kuolewa, walikwenda Katubuka kumwomba Gervasi awe mshenga. Gervasi ndiye aliyekuwa anaendesha pampu mgodini. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Hatimaye," alisema. "Adolf angefurahi. Asubuhi ile ya ajali alipita kwangu anacheka. Akaniambia, leo nashika zamu ya shemeji, yeye yuko kwa baba anapeleka posa."

Skolastika akaweka kikombe chini. Aliikumbuka siku hiyo: Telesphory nyumbani kwao, mbele ya baba yake Skolastika, ndani ya suti ya kuazima, akisema amepewa ruhusa kazini.

"Zamu ya nani?" aliuliza.

Telesphory akatazama sakafu.

Kampuni ilisema Adolf hakuwa na zamu, kwamba alishuka shimoni kuiba. Wenzake walizikwa kwa bendi. Yeye hakupigiwa hata tarumbeta moja. Waliorudi Kigoma walirudi na maneno hayo, na mama yake, aliyebaki kijijini Simbo, akaitwa mama wa mwizi. Neno moja la Telesphory lingetosha kumsafisha.

Wiki nzima Skolastika hakupokea simu. Alipopokea, hakusalimia.

"Mpenzi wangu, nisikilize," Telesphory alisema. "Kubadilishana zamu bila ruhusa ni kufukuzwa. Nilikuwa kijana."

"Adolf naye alikuwa kijana. Jumapili njoo Simbo. Mama yu hai."

Telesphory alimkuta mama amekaa mkekani, barazani, pamoja na majirani ambao Skolastika aliwaita makusudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe?"

Akaeleza. Sauti ilimkatika njiani, Skolastika hakumsaidia.

"Rudia," mama alisema. "Wenzangu hawa hawasikii vizuri."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Kumbe mwanangu alikuwa kazini," mama alisema. Akaushika mkono wa Telesphory, akauweka kwenye mapaja yake. "Skola, mletee mgeni chakula."

Mgeni alipokwisha kula, Skolastika alimsindikiza mpaka barabarani.

"Mama amenisamehe."

"Nimeona."

"Na wewe?"

Skolastika alikaza kilemba chake. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Zamu ningekusamehe, Teles. Lakini makaburini ulinishika mkono, unaniona nalia kwa aibu, na ulikuwa unajua. Mtu wa hivyo nitalalaje naye?"

"Skola."

"Nenda, gari linakuja."

Aliporudi, mama alikuwa anawasimulia majirani jinsi Adolf alivyopenda mpira utotoni, habari ambazo hakuwa amezigusa kwa miaka. Skolastika akaketi kando yake akalia, na mama akampapasa mgongo, akidhani anamlilia kaka yake.