Stika Juu ya Tangi la Baba

Mama alinituma nikamwite Tero aje kula uji. Kazi ndogo tu, kutoka mlango wa jikoni mpaka mlango wa sauna, kile kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke, hatua sitini kwenye theluji. Ilikuwa saa tisa alasiri, mkesha wa Krismasi, na giza lilikuwa limeshatanda kama kawaida ya Desemba huku Kainuu, kaskazini ya mbali. Baridi ilifika digrii ishirini na mbili chini ya sifuri. Nilitoka huku nikisonya, maana kumfuata Tero popote pale ni adhabu.

Niseme mapema: shemeji yangu ni mtu wa bure. Amemwoa mdogo wangu Tuire miaka kumi na minne sasa, na katika miaka yote hiyo sijamwona akimaliza kitu alichokianza. Ana boti isiyo na injini, banda lisilo na paa na mdomo usio na breki. Tangu Oktoba akawa na pikipiki pia. Ilikuwa ya Baba. Baba alipofariki, Mama alimpa Tero kwa sababu mimi siendeshi na Tuire anaogopa.

Alimpa kwa sharti moja. Kwenye lile tangi la kijani, kulia na kushoto, kulikuwa na mahali ambapo magoti ya Baba yalisugua rangi kwa miaka thelathini na moja mpaka chuma kikatokea. Nyumbani tulipaita vipara. Mama alimwambia Tero mbele yetu sote, "Endesha, bomoa, peleka unakotaka. Vipara usiviguse. Hicho ndicho kilichobaki cha mume wangu." Tero akaitikia ndiyo, ndiyo, huku anatafuna.

Wiki hiyohiyo akanifuata kazini mjini. Mimi kazi yangu ni kupiga stika magari na pikipiki. Akataka tangi zima lipigwe stika ya kaboni. Sasa hiyo ni plastiki yenye gundi mgongoni, imechapwa misuko myeusi ili mpumbavu aonekane ana chombo cha mashindano. Naibandika kila siku, na kila siku nawadharau wanaoitaka. Nilimfukuza mbele ya wateja, na nikafurahi.

Nilipokaribia sauna nikasimama. Taa ya ndani ilikuwa inawaka.

Haikutakiwa kuwaka. Siku ya mkesha sisi huoga mapema, mchana. Wa mwisho kutoka huongeza kuni, huacha ndoo ya maji na taulo safi, kisha hufunga mlango. Mvuke wa mwisho si wa walio hai. Sikufundishwa kuliogopa jambo hilo. Ni adabu tu, kama kumwachia mtu mzima kiti. Na mwaka huo lilikuwa na uzito wake, kwa sababu Oktoba Mama alimwosha Baba humohumo, kwa mikono yake mwenyewe, hataki msaada wa mtu.

Nikasukuma mlango.

Tero alikuwa kwenye chumba cha kuvulia nguo. Kaptula tu mwilini, magoti wazi, ngozi bado nyekundu kwa joto. Mbele yake kwenye benchi lilikuwa tangi la Baba. Chini ya tangi alikuwa ametandika ile taulo safi. Kando yake ilikuwa ile ndoo ya maji, ameshaitia sabuni ya vyombo.

"Shh," akaninong'oneza. "Usimwite mtu."

"Tero, umefanya nini?"

"Shemeji, tulia. Bandani baridi, gundi haishiki. Hapa pana joto, tena mvuke umeua vumbi lote. Si wewe mwenyewe unayesema vumbi ndilo adui?"

"Unaleta tangi la petroli kwenye jiko la kuni?"

"Limekaa wazi tangu Oktoba, kavu kabisa. Mimi si mjinga."

"Nani kakudanganya?"

Akacheka kidogo. Stika ilikuwa imeshafunika nusu ya tangi, kipara cha kushoto hakionekani tena. Nikahisi damu inanipanda kichwani.

"Mama alikuambia nini kuhusu vipara?"

"Wenzangu wa klabu wananicheka, shemeji. Wanasema pikipiki yangu ina ukurutu."

"Bandua. Sasa hivi. Gundi bado mbichi, itatoka bila alama. Ikilala mpaka kesho itang'oka na rangi iliyovizunguka, na hapo vipara vya Baba vimekwisha."

"Mama hata hatajua."

"Mama atajua kabla hujavaa suruali. Toka hapo."

Nilinyoosha mkono nibandue. Naapa, mkono ulikwenda kubandua. Lakini nikaitazama ile kazi. Mikunjo pembeni. Misuko imekwenda mshazari kama shati lililokosewa vifungo. Kona ameivuta bila kuipasha moto, ikakatika, akaiziba na kipande kingine. Kipande! Nilikuwa nikimdharau kwa kufunika. Sasa nikamdharau zaidi kwa kufunika vibaya.

"Hii umeikata na nini?" nikauliza.

"Kisu cha mkate."

"Mungu wangu. Sogea. Nipe hiyo mashine ya hewa moto."

Nyani haoni kundule, na langu sikuliona jioni ile. Nilijiambia nanyoosha mikunjo tu, halafu nitabandua yote. Nikachana kile kiraka chake, nikachukua stika nzima kwenye roli, nikapangusa tangi kwa spiriti. Nikapasha, nikavuta, nikasugua kwa kibao kutoka katikati kwenda nje. Stika ilipita juu ya chuma kwa ulaini ambao sijawahi kuupata hata kazini kwangu. Ilipinda ilipotakiwa kupinda. Ilishika ilipotakiwa kushika. Dakika ishirini baadaye tangi lilikuwa jeusi, sawasawa, halina doa, na vipara havipo.

"Kumbe unaweza," Tero akasema.

Nilitaka kumjibu.

Shhhhhhh...

Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa chumba cha moto, kule kwenye jiko la mawe na mabenchi ya kuogea. Maji yanamwagwa juu ya mawe. Kidogo kidogo, kwa mkono wa mtu asiye na haraka.

Tukatazamana.

"Nani yumo?" Tero akanong'ona.

Mama alikuwa jikoni. Tuire alikuwa anapanga meza, nilimwacha anahesabu vijiko. Nyumba hii haina mtu mwingine.

"Kuni zimeanguka," nikasema. "Usiwe mtoto."

Harufu ikaja. Sabuni ya lami, ile nyeusi ambayo nyumbani kwetu alikuwa akiitumia mtu mmoja tu. Nyuma yake tumbaku, iliyolowa...

Kisha stika ikaanza kuinuka.

Lengelenge moja, upande wa kushoto. Halafu la pili, upande wa kulia. Hakukuwa na hewa chini yake, nilikuwa nimeitoa yote mwenyewe. Nikachukua sindano nikatoboa la kushoto, kama ninavyofanya kila siku. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto, yenye unyevu, ikanipiga usoni kama pumzi ya mtu aliyeinama karibu. Nikasugua. Likalala.

Likainuka tena. Kubwa zaidi. Yote mawili, palepale vilipokuwa vipara, yanasukuma kutoka ndani.

"Tero, tunabandua."

"Baada ya kazi yote hii? Hapana bwana." Na yule mpumbavu, sikio la kufa, akapanda juu ya benchi akakaa kama yuko barabarani. Akalibana tangi kati ya magoti yake matupu, kulia na kushoto, akakandamiza. "Unaona? Yanalala. Hukuwaza hilo, fundi mkubwa."

Sikuwaza. Nilikuwa natazama mlango wa chumba cha moto. Ulikuwa unafunguka.

Upana wa kiganja. Halafu viwili...

Mvuke ukatambaa sakafuni. Na kutoka gizani, kutoka benchi la juu, sauti ikasema polepole:

"Shikilia."

Baba alitupakia mimi na Tuire tukiwa wadogo, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kabla ya kuondoka hakusema kitu kingine ila neno hilo. Tero hakuwahi kulisikia. Alimkuta Baba ameshazeeka.

Tero alifumbua mdomo. Mtu ambaye hajanyamaza miaka kumi na minne alinyamaza. Misuli ya mapaja yake ilikaza ikatetemeka, akawa analibana lile tangi kwa nguvu ambazo hana. Nilimshika mabega nikamvuta. Hakusogea. Nikamvuta tena kwa uzito wangu wote, tukaanguka chali sakafuni wote wawili.

Mlango wa chumba cha moto ulikuwa wazi kabisa. Hakuna mtu. Mbao zote zililoa na kung'aa kwa maji, benchi la chini, benchi la juu, kuta. Ila mahali pamoja tu, kwenye kona ya juu karibu na dirisha. Hapo palikuwa pakavu, upana wa mtu mmoja aliyekaa.

Tangi lilikuwa juu ya benchi. Malengelenge hayapo. Ile ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya maishani, na ninaona aibu kusema kwamba hata wakati ule niliona hivyo.

Tuliapiana tusiseme. Tulikwenda kula. Tero alikula uji bila kuongea, Tuire akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Mama alitutazama, mmoja baada ya mwingine, akaendelea kukata nyama.

Asubuhi ya Krismasi Mama aliniita bandani. Tero alikuwa amelirudisha tangi mahali pake kabla ya kulala. Mama alisimama mbele ya pikipiki na koti juu ya gauni la kulalia. Nilijitayarisha kumtupia Tero lawama zote.

"Huu ni mkono wako," Mama akasema.

"Mama, Tero ndiye..."

"Tero hawezi kubandika stempu kwenye bahasha. Huu ni mkono wako, Irja." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Toa."

Nikawasha mashine ya hewa moto. Nikapasha kona ya kushoto, nikaingiza ukucha, nikavuta upana wa vidole viwili.

Ndani ya nyumba mtu akapiga ukelele.

Niliacha. Ukelele ukakoma. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona Tuire anakimbia. Nikajiambia Tero ameungua na kahawa. Nikavuta tena, kidogo, upana wa kidole kimoja.

Ukelele. Sauti ya Tero, nyembamba kama ya mbuzi.

"Mama, tuache kwanza."

Mama alinitazama kama mtu anavyotazama uchafu kwenye soli. "Jana hukuacha," akasema. "Vuta."

Nikavuta. Naandika haya na bado najiuliza ni nani alinilazimisha, maana Mama ni mwanamke wa kilo hamsini na mbili. Nilivuta upande wa kushoto wote, halafu wa kulia. Nilivuta vizuri, polepole, kwa pembe inayotakiwa, ili rangi isikwanguke. Nilisikia kila kitu kutoka nyumbani.

Chini ya stika rangi ilikuwa nzima. Kijani, laini, inang'aa kama siku Baba alipoinunua pikipiki. Hakuna chuma. Hakuna vipara. Nilipitisha kiganja mara tatu nikitafuta hata ukingo wake, nikakosa.

Mama hakulia. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa treni imehamia njia nyingine, akaelekea jikoni. Nikamfuata.

Tero alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na jiko. Suruali imekunjwa mpaka mapajani. Juu ya kila goti, upande wa ndani, palikuwa na duara lililoliwa. Hapakuwa na damu. Pamesuguliwa tu, pamekuwa laini na pa kijivu, kama pamefanyiwa kazi miaka mingi. Daktari wa zamu baadaye aliandika kuwa ni majeraha ya moto, labda aligusa jiko la sauna. Labda. Alikuwa na haraka ya kurudi kwenye sikukuu yake, nami sikumbishia.

Mama alivuta kigoda akakaa mbele ya Tero. Akaweka viganja vyake viwili juu ya magoti yale, kimoja huku, kimoja huku, akafumba macho. Tuire alisema, "Mama, unamuumiza." Mama hakuondoa viganja. Tero naye hakulalamika. Alikaa wima, mgongo umenyooka, yeye ambaye siku zote hukaa kama gunia.

Nilikuwa bado nimesimama kizingitini, baridi inapita mgongoni mwangu kuingia ndani. Tero akageuza kichwa taratibu akanitazama, kutoka viatu mpaka usoni. Tero hajawahi kuniita kwa jina hata siku moja. Kwake mimi ni shemeji, na nyuma ya mgongo wangu ni jini.

"Irja," akasema polepole, kwa sauti ileile ya saunani. "Mlango. Joto linatoka."

Niliufunga nikiwa nje. Niliendesha gari mpaka mjini bila kuvua glavu.

Ni mwezi wa tatu sasa. Tuire hunipigia simu kila Jumapili. Anasema Mama anakula vizuri, ameanza hata kuimba akiosha vyombo. Kuhusu mumewe hasemi kitu, nami siulizi.