Kiatu cha Dobi

Dobi na mkewe walikuwa na chumba mbele na chumba nyuma. Nyuma mke alifua. Mbele mume alipiga pasi. Kazi ilianza alfajiri, maji yakichemka kwenye sufuria kubwa, na ilikwisha vidole vya mke vikiwa vimekunjamana kwa sabuni. Miaka ishirini na sita walifanya hivyo bila ugomvi wa maana.

Ugomvi ulianza na ndoo.

"Nani ameweka ndoo hapa?" mume alifoka, suruali yake imelowa.

"Iko hapo tangu asubuhi," mke alijibu. "Wewe unatembea umefumba macho?"

"Macho yangu mazima. Nasoma hata maandishi madogo kwenye pakiti ya sabuni."

Na kweli aliyasoma. Kwa hiyo aliamini mkewe amekuwa mzembe, anaacha vitu ovyo. Mke naye aliamini mzembe ni mumewe. Leo kapu, kesho kizingiti, keshokutwa waya wa pasi. Paka wa jirani alikanyagwa mkia mara mbili. Tangu hapo, akimwona dobi anakuja, alihama mwenyewe.

Mke akageuka mlinzi. Alifua huku sikio moja likifuata hatua za mumewe.

"Kapu, kushoto kwako."

"Taratibu, kuna kiti."

Jioni alikuwa hoi kuliko siku za kufua mablanketi. Nguo hazikumchosha. Kilichomchosha ni kuangalia. Hata akila, jicho lake lilikuwa sakafuni.

Jumanne moja, mke alikuwa ameinama akisuuza. Mume akainua sufuria ya maji ya moto ampelekee. Katikati ya njia palikuwa na kigoda. Mume hakukiona. Akajikwaa, akajigonga ukutani, na maji yakaruka yakamwagikia mguu wa mke.

Alipiga yowe moja tu. Mume alimmwagia maji baridi, mengi, kwa muda mrefu. Kisha wakaenda zahanati, mke akimwegemea.

Muuguzi alikuwa msichana mpole. Alisafisha jeraha, akalifunga.

"Mlifanya vizuri kumwagia maji baridi," alisema. "Wengine hupaka mafuta au dawa ya meno, na kidonda kinazidi."

Mke aliomba maji ya kunywa. Mume akainuka haraka kwenda kuyaleta. Mbele ya mlango palikuwa na benchi refu, jeupe, mchana kweupe. Alilipamia kwa goti, akayumba.

Muuguzi aliacha alichokuwa akifanya.

"Baba, benchi hukuliona?"

"Nilikuwa naangalia mlango."

"Na nyumbani? Unajikwaa?"

Mke akajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Kila siku, mwanangu. Kila siku ya Mungu."

Muuguzi akawapeleka chumba cha mwisho, kwa mtaalamu wa macho. Huyo alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikaa mbele ya dobi.

"Tazama pua yangu. Usiondoe macho. Ukiona kidole changu, sema."

Alileta kidole kutoka kulia. Kutoka kushoto. Kutoka chini. Mke alikiona kidole kila mara. Mume hakusema kitu, mpaka kidole kilipofika karibu kabisa na pua.

Baada ya vipimo vingine, mtaalamu aliwaeleza.

"Hii ni presha ya macho. Mara nyingi haiumi, ndiyo maana hukujua. Inakula pembeni polepole, katikati panabaki. Pakiti ya sabuni unaisoma kwa sababu iko mbele ya macho yako. Ndoo iko chini, huioni."

"Nilichopoteza kitarudi?"

"Hakirudi, baba. Sitakudanganya. Lakini kilichobaki tunaweza kukilinda. Utatia dawa ya matone kila siku, hata ukijiona mzima. Na watoto wenu wapimwe. Ugonjwa huu hupenda kukaa ndani ya familia."

Walitoka wakaketi kwenye ngazi za zahanati. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuanza safari.

"Nimekulaumu bure," mume alisema.

"Na mimi nimekulaumu bure," alisema mke.

Walikaa hapo mpaka kivuli kikawahama.

Baada ya wiki mbili mtaalamu aliwapa kitu cha kuazima. Ni jozi ya viatu vya kufunika mguu, vyenye kamba. Mbele ya kila kiatu palibanwa kifaa kidogo, si kikubwa kuliko kiberiti.

"Kifaa hiki hutoa sauti ambayo sikio lako haliisikii. Sauti ikigonga kitu mbele yako, inarudi. Hapo kiatu kinatetemeka. Ukikaribia zaidi, kinatetemeka kwa haraka. Popo naye huruka gizani kwa njia kama hiyo."

"Basi nimekuwa popo," dobi alisema.

"Popo anayepaswa kuchaji viatu vyake kama simu. Sasa sikiliza. Kiatu hakioni shimo, wala ngazi ya kushuka. Kwa hayo utatumia fimbo nyeupe."

Uso wa dobi ukabadilika. "Fimbo hapana. Watu watasema nimekuwa kipofu."

Mke alinyoosha mguu wake wenye bandeji. "Hao watu, ulipoungua mguu huu, nani alikuja kuushika?"

Mume aliichukua fimbo.

Siku za kwanza zilikuwa tabu. Mle ndani kiatu kilitetemeka bila kupumzika.

"Kiatu hiki kina maneno kuliko wewe!" mume alilalamika.

Mke alicheka, akaketi, akatazama chumba. Vitu vilikuwa vimejaa kila pahali. Kiatu hakikuwa na kosa. Siku hiyo hawakufua. Ndoo zikaingia chini ya meza. Makapu yakapanda rafu. Waya wa pasi ukapitishwa ukutani. Kizingiti walikipaka rangi nyeupe. Kandambili za mume, ambazo zilimtoka mguuni kila mara, zikatupwa. Toka chumba cha nyuma mpaka meza ya pasi pakabaki njia wazi.

Asubuhi moja mume alitoka bila kuchaji viatu, akajigonga kwenye toroli la jirani. Tangu hapo alichaji kila jioni, kisha akatia matone.

Miezi minne ikapita. Hakuanguka hata mara moja.

Mchana mmoja mke aliketi juu ya furushi la nguo apumue kidogo, usingizi ukamchukua. Alipozinduka, chumba kilikuwa kimya. Mume hakuwepo. Furushi la sare za shule nalo halikuwepo. Akakimbilia mlangoni.

Alimwona mwisho wa mtaa, anarudi mikono mitupu, fimbo ikigusa ardhi mbele yake. Njiani palikuwa na baiskeli iliyoegeshwa vibaya. Mke alifungua mdomo, kisha akaufunga. Mume alisimama, akapima kwa mguu, akaizunguka.

Aliingia ndani akipangusa jasho.

"Ulilala?"

"Nililala."

"Lala tena. Sare nimeshazipeleka."

Mke alirudi kwenye furushi, akajinyoosha, akalala huku mumewe akitembea chumbani.