Majivu ya Kukhu Kwenye Kompyuta

Kila siku ya shule, kabla jua halijapiga mabati ya mtaa wa Rhonda, Truphosa alikuwa amekwisha kuteka maji, kufagia ua na kupiga viatu rangi. Alikuwa darasa la saba, na hakuna aliyeweza kumwita mvivu. Shida yake ilikuwa haraka. Chai yake ilitoka jikoni kabla majani hayajakolea, na kitanda alichotandika kilikuwa na kivimbe katikati. "Mtoto huyu," nyanya yake alikuwa akisema, "humaliza kazi kabla hajaianza."

Nyanya huyo, Immaculate, alikuja Nakuru mapema mwaka wa 2007 kutoka kwao Malava, upande wa Kakamega, akae na mwanawe na wajukuu. Kwao nyanya huitwa kukhu, na haikupita muda mtaa mzima ukawa unamwita Kukhu. Alishuka na nguo zake chache na gunia zima la maganda makavu ya maharagwe. Majirani walicheka wakashika mbavu. Nani husafiri na takataka? Kukhu akawaambia watacheka vizuri zaidi siku watakapoonja mboga yake ya mrenda.

Muhula wa pili, shule ya Truphosa ikaangukiwa na bahati. Bwana Praful, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alinunua kompyuta mpya za ofisi. Zile za zamani, zenye migongo mikubwa, akaipa shule pamoja na kamera ndogo ya dijitali. Mwalimu Kosgei wa sayansi alizilinda kama mboni ya jicho. Chumba cha kompyuta uliingia bila viatu, na chafya ikikujia ulitoka nje kwanza.

"Sikilizeni," Mwalimu Kosgei aliwaambia siku moja. "Nendeni nyumbani mkaulize wazee wenu: ni kazi gani mnaijua ambayo haimo kitabuni? Pigeni picha kila hatua. Tutaziingiza kwenye kompyuta na maelezo yake, na siku ya wazazi tutawaonyesha. Kazi nzuri itabaki humu, wajifunze na wadogo zenu."

Mkono wa Truphosa ulikuwa juu kabla mwalimu hajafunga mdomo. "Mimi nitaonyesha musherekha, mwalimu!"

"Mushe-nini?" Micah, kijana wa dawati la nyuma, aliuliza, na darasa likaangua kicheko.

"Ni chumvi yetu ya kienyeji. Kukhu huchoma maganda ya maharagwe, halafu anachuja maji kwenye yale majivu. Ukitia kidogo kwenye mrenda, mboga inalainika mpaka inateleza yenyewe kooni!"

Basi kamera ikaanza kwake. Angekaa nayo Jumamosi na Jumapili, kisha ingekwenda kwa Micah, ambaye zamu yake ilifuata.

Kukhu aliposikia kwamba kazi ya mikono yake itaingia kwenye kompyuta, alifurahi hadi akajifunga kitambaa cha kanisani siku isiyo ya kanisa. Lakini mvua haina rafiki. Ijumaa jioni ilikuwa imemwaga, ikayakuta maganda yameanikwa uani, ikayalowesha chepechepe.

"Tungoje yakauke," Kukhu alisema. "Ganda bichi halitoi jivu, linatoa moshi tu."

"Lakini kamera inaondoka Jumatatu, Kukhu!"

"Basi mwambie mwalimu wako akuongezee siku. Haraka haraka haina baraka."

Truphosa aliona haya kuomba siku zaidi baada ya kujigamba mbele ya darasa. Jumapili, Kukhu alipokwenda kanisani, akachota majivu ya jiko la makaa, akayatia kwenye kopo lenye matundu na kuyamiminia maji. Maji meusi yakachuruzika mara moja. Akapiga picha hii, akapiga na ile, zikatoka nzuri ajabu. "Picha haionjwi," alijiambia, akamwaga vyote nyuma ya choo. Nyanya yake alipomuuliza kuhusu kamera, alisema imerudi shuleni na watafanya kazi hiyo siku nyingine.

Wiki hiyo aliketi mbele ya kompyuta akaandika chini ya picha zake: "Chukua majivu. Mimina maji. Tia kwenye mboga. Nimefundishwa na nyanya yangu, Kukhu Immaculate." Darasa lilipoonyeshwa, makofi yalirindima. Micah hakupiga makofi tu. Alizikariri hatua zote.

Alhamisi, Truphosa alipofika nyumbani kutoka shule, alimkuta mgeni uani. Alikuwa Mama Micah, mke wa Mathenge fundi viatu, na mikononi alishika sufuria.

"Shosho, mimi si mtu wa ugomvi," Mama Micah alikuwa akimwambia Kukhu, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao. "Lakini hebu angalia hii maneno. Kijana wangu aliniambia jana jioni atanipikia mrenda ya kompyuta. Nikasema sawa, wacha nipumzike. Sasa ona! Tumekula ugali na chumvi!"

Kukhu alichungulia. Mrenda ulikuwa mweusi, na mchanga wa makaa umetulia chini. Akachovya kidole, akalamba, akakunja uso wote.

"Majivu gani haya, mama?"

"Ya jiko. Wameandika majivu tu, na jina lako liko hapo."

Kukhu aliitazama tena sufuria. Akajifuta kidole kwenye leso, taratibu, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Basi nilimweleza mtoto vibaya. Hata sikumbuki kama nilimweleza. Ni uzee, Mama Micah. Siku hizi mambo yananipotea. Unisamehe."

Truphosa alisimama mlangoni, mkoba begani. Alikuwa na nafasi ya kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Kukhu angeibeba lawama hiyo, akarudi nayo Malava, akiamini kwamba akili yake imeanza kumtoroka. Truphosa aliumia moyoni kuliko alivyowahi kuumia kwa fimbo yoyote. Machozi yakamtangulia.

"Kukhu, si wewe! Hukusahau kitu. Uliniambia maganda, ukaniambia tungoje. Mimi ndiye niliyechota majivu ya jiko ukiwa kanisani, nikaandika jina lako."

Mama Micah aliangalia sufuria, akamwangalia msichana. Kisha Kukhu akaanza kucheka, kwanza kwa pumzi, halafu kwa mabega yote.

"Kumbe akili yangu ipo! Mungu asifiwe, ipo yote!" Mama Micah naye akashindwa kujizuia, wakacheka pamoja mpaka wakaketi. Lakini Kukhu alipomaliza, alimshika mjukuu wake kidevu na kumtazama usoni. "Umenitia hofu, mwanangu. Kesho utamweleza mwalimu wako kwa mdomo wako mwenyewe. Halafu tutaanza upya, kuanzia kwenye ganda."

Mwalimu Kosgei alimsikiliza bila kumkatiza. Hakumpigia kelele. Alimwambia tu, "Siku ya wazazi ni Ijumaa ijayo. Kamera iko kwa Micah. Nenda ukaongee naye."

"Niaje," Micah alisema, amejishika tumbo kwa mizaha. "Umekuja kuniua mara ya pili?"

"Nisamehe. Naomba kamera siku moja tu."

Micah alijifanya kufikiri. "Sawa. Lakini picha napiga mimi, na mtu wa kuonja kwanza ni mathe. Mama yangu bado anaikumbuka ile sufuria."

Jumamosi jua liliwaka, na maganda yalikuwa yamekauka kiasi cha kulia yakikanyagwa. Kukhu aliyachoma juu ya bati safi, akayaacha majivu mpaka yakapoa na kuwa meupe. Truphosa akatandika nyasi kavu ndani ya kopo lenye matundu, akajaza majivu, akainua jagi amimine maji yote. Kukhu akamshika mkono.

"Kidogo. Ukiyafurikisha, utapata maji matupu. Acha majivu yanywe kwanza."

Wakangoja. Tone la kwanza lilipodondoka kwenye bakuli, lilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Likafuata jingine, kwa starehe zake. Truphosa miguu ilimwasha, lakini hakuondoka. Alimtazama Micah na kamera yake, akapata wazo.

"Usiisogeze kamera," alisema. "Iweke juu ya kigoda, upige pale pale kila mara. Tukizifuatanisha kwenye kompyuta, bakuli litajaa mbele ya macho ya watu!"

Walifanya hivyo hadi jioni. Na Jumatatu, Kukhu alipoitwa shuleni akavua viatu na kuonyeshwa bakuli likijaa kufumba na kufumbua, alishika kiuno. "Nimeichuja tangu usichana wangu," alisema, "na sijawahi kuiona ikipanda. Rudisheni tena!"

Ijumaa wazazi walijaa darasani. Projekta ya kuazima kanisani ilimulika shuka nyeupe, na kando yake Kukhu aliketi na jiko na sufuria. Picha ya kwanza ilikuwa ya majivu ya makaa. Chini yake Truphosa alikuwa ameandika: "Hapa nilikosea, kwa sababu sikutaka kungoja." Akaisoma kwa sauti. Zikafuata maganda, moto, nyasi na matone, na shughuli ilipofika kwenye mboga, Kukhu akafunua sufuria.

Mama Micah aliitwa mbele. Alichota kwa kijiko, na mrenda ukavutika, ukakataa kukatika. Akafumba macho, akameza.

"Shosho!" alipaza sauti. "Hata haijaniomba ruhusa, imeshuka!"

Darasa zima likalipuka kwa kicheko. Mama mmoja akauliza hutiwa kiasi gani. Kukhu akamwelekeza kwa Truphosa. "Muulize huyu. Anajua."

"Kijiko kimoja kwa sufuria kama hii," Truphosa alieleza, hana haja ya kutazama shuka. "Ikizidi inakuwa chungu. Na majivu yawe ya maganda tu, yasichanganywe na kitu."

Mwalimu Kosgei akasimama. "Wanafunzi, mmeona. Kompyuta haijui kweli wala uongo. Inabeba inachopewa, na inakifikisha mbali kuliko miguu yetu. Kwa hiyo anayeijaza na awe mvumilivu na mwaminifu, zaidi sana akitumia maarifa ya wazee na majina yao. Kazi hii itabaki humu."

"Mwalimu," Kukhu aliita kutoka kando ya jiko lake, "jina langu limebaki pale mwisho?"

"Limebaki, mama. Tulitoe?"

"Hapana, liacheni. Ila chini yake muandike na la huyu. Sasa tumefanya wawili."

Mwalimu akamsogezea Truphosa kiti. Akaketi, akaandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, bila haraka yoyote, na wazazi wote wakaisoma kila herufi ilipokuwa ikitokea kwenye shuka.