Madole Gumba ya Kughushi

Uliona. Usijifanye hukuona. Uliona vibanda vikiungua kwenye simu yako, ukavisukuma juu kwa kidole, ukaendelea na chai. Ukasema hao ni watu wa msituni, wana mambo yao. Walipofukuzwa mara ya kwanza ulikuwa bado mdogo, sawa. Mara ya pili ulikuwa mtu mzima mwenye kazi yake.

Mara ya tatu utaisikiliza mpaka mwisho.

Saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi.

Sindano alikuwa akipiga deki ghorofa ya saba ya jumba la mikutano. Chini ya aproni, bastola aina ya Beretta. Sikioni, kidude cha redio kisichozidi punje ya mahindi.

"Sindano, unanipata?" Alikuwa Mkuu wake.

"Nakupata."

"Wakili wa kampuni inayoutaka msitu anakuja na lifti. Mkoba mweusi. Karatasi halisi ya ridhaa imo humo. Tulizo nazo ni nakala vivuli, na kwenye vivuli madole yote ni madoa tu. Kamati inapigia kura uhamisho saa nne kamili."

"Na matingatinga?"

"Yananguruma ukingoni mwa msitu. Yanangoja simu."

Sheria ya kimataifa ilikuwa wazi: mwenyeji wa asili haondolewi kwake bila ridhaa yake. Karatasi ya wakili ilidai kwamba watu wote mia mbili na kumi na wawili wa msitu ule walitia dole gumba, wakakubali kuhama. Aliyefanikiwa kufika mjini kukanusha alikuwa mmoja tu, bibi kizee mwenye ulimi mkali. Asubuhi ile Sindano alimkuta mlangoni, karani wa mapokezi akimgombeza juu ya daftari la wageni.

"Bibi, bonyeza vizuri! Hili ni doa, si dole. Mistari iko wapi?"

"Hata unikalie mgongoni, mwanangu, litatoka hivyohivyo. Sisi wote huchuna nyuzi za magome kwa gumba hili tangu tunaota meno. Kwetu mwenye mistari ni mgeni, au mvivu."

Karani alicheka. Sindano hakucheka.

Mlango wa lifti ukafunguka.

Baunsa alitangulia, shingo kama gogo. Wakili nyuma yake.

"We mama, pisha njia!"

"Taratibu mwanangu, kuna sabuni."

Hakusikia. Mguu ukateleza. Kabla hajafika chini, mpini wa deki ulikuwa umemkuta kooni. Akalala kimya.

Wakili akapeleka mkono ndani ya koti. Beretta ikamgusa pua.

"Mkono utoke mtupu."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimevaa glavu."

Akaukwapua mkoba, akafungua faili. Mistari! Mizuri, ya duara, inayohesabika. Madole laini ya watu wa ofisini, wasioshika kitu kizito kuliko kikombe. Walikuwa wametiana wino wao kwa wao.

Akashuka ngazi mbiombio. Risasi ya wakili ikamega ukuta nyuma yake. Hakugeuka.

Saa nne kasoro dakika mbili akaiweka faili mbele ya Mwenyekiti wa kamati.

"Wewe nani?"

"Mfagizi. Namba moja hapo wanasema ni huyu bibi aliyeketi mbele yako. Mpe wino."

Bibi akabonyeza. Doa tupu. Mwenyekiti akaliinamia, akaiinamia karatasi, akarudi kwenye doa. Wakili akaingia akihema.

"Huyo ni mmoja tu!"

"Walete wote basi," Bibi akasema. "Magari si mnayo?"

Hakuna aliyecheka. Karatasi ikatupiliwa mbali, amri ya kusimamisha ikatoka, askari wa mlangoni wakamshika wakili mikono yote miwili.

Redio ikakwaruza.

"Yamezimwa," alisema Mkuu. "Ila..."

"Sema."

"Moja halikungoja simu. Limepita juu ya nyumba tatu. Kitindamimba wa Bibi alikuwa ndani."

Bibi alikuwa akimtazama.

"Wamezima, mwanangu?"

Sindano akapiga goti. "Wamezima, Bibi. Ila moja lilishaingia. Kitindamimba wako hatunaye tena."

Bibi hakulia. Alifuta wino wa gumba kwa pindo la nguo yake.

"Nipeleke nikamzike. Kwetu bado kupo?"

"Kupo."

Sindano akavua aproni, akaitundika kwenye kiti cha wakili. Akamshika Bibi mkono, wakatoka polepole, bila kumuaga mtu, mpaka kwenye Land Cruiser.

Na wewe? Tingatinga lililozimwa lina ufunguo, na ufunguo una mwenyewe. Karibu na unapoishi kuna watu wanaoambiwa walikubali. Nenda kwenye ofisi iliyoitunza hiyo karatasi. Idai. Halisi, si kivuli. Ulizia kila dole ni la nani, na wakikufukuza rudi na wenzako kumi. Usiseme kesho. Weka kikombe chini. Inuka.