Ametumika, Lakini Mzima

Yadi ya magari ilikuwa imejaa wateja, na fundi friji alikuwa amelizunguka gari jekundu mpaka mlinzi akaanza kumtilia shaka. Alifungua mlango, akaufunga. Akaufungua tena.

"Huyu ananiita," alijisemea.

"Ukimwitikia, utarudi kutembea kwa miguu."

Aligeuka. Alikuwa dada mwenye suruali ya kijivu, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, na kitambulisho cha wakala wa bima kifuani. Alikuja kupiga picha gari la mteja wake.

"Kwa nini, dada?"

"Leseni umepata lini?"

"Juzijuzi."

"Basi. Injini kubwa, dereva mchanga. Kampuni ya bima ikiwaona nyinyi wawili pamoja, inaona ajali tayari. Watakutoza mpaka ukome. Chukua lile la rangi ya fedha kule nyuma. Utalikatia bima ndogo, ile inayowalipa utakaowagonga, na maisha yataendelea."

"Lile? Mbona la kizee!"

"Uzee wake unakuhusu nini? Unanunua gari au unaoa?"

Alimpeleka kuliona. Mlango ulikuwa na mikwaruzo na viti vimepauka. Dada aliinama bila kujali suruali yake, akatazama kama mafuta yanavuja. Alimwonya asikubali kuonyeshwa injini iliyokwisha kupashwa moto, maana moto huficha ubovu, wala asitoe hela kabla makanika wake hajalikagua. Kisha akaondoka haraka.

Fundi alimkimbilia. "Namba yako, dada. Ya mambo ya bima."

"Ya bima tu?"

"Tuanze na bima."

Hawakuishia hapo. Fundi akawa mtu wa simu, hatulii.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Umeniuliza sasa hivi."

"Sasa hivi ni zamani."

Jioni moja, kwenye ngazi za nyumba aliyopanga, dada alimwambia ukweli: aliwahi kuolewa, akaachika. Fundi alisema, "Sawa." Akakosa pa kuweka macho, akaanza kuzungumzia breki za lile gari. Dada alilala na hiyo "sawa" ikimkwaruza.

Kesho yake simu yake ikaleta ujumbe wa sauti ya fundi:

"Mama, shikamoo. Nimeamua, namchukua. Ametumika, ndiyo, na wa kwanza alimchosha, lakini bado mzima. Kwa sasa simgharamii sana. Akinisumbua namrudisha alikotoka, natafuta mwingine."

Dada aliusikiliza akiwa amesimama. Akaurudia akizunguka meza ya ofisi. Kisha akamfungia fundi njia zote za kumpata.

Fundi alipiga, hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. Mwisho akaja mwenyewe, lile gari la fedha, sasa lake, likizima kila anapopunguza mwendo, akalisimamisha mbele ya ofisi kimshazari.

Dada alitoka. "Nimesharudishwa nilikotoka. Umefuata nini?"

"Nani kakurudisha?"

Akamsikilizisha ujumbe wake mwenyewe. Fundi akashika kichwa. Ujumbe wa mama yake alikuwa amemtumia dada.

"Gari! Nilikuwa namwambia mama habari za gari!"

"Gari linakuwa 'namchukua' tangu lini?"

"Tangu nianze kazi! Kwangu kila mashine ni mgonjwa. Friji ana homa, feni hapumui. Subiri." Akampigia mama yake, akaweka spika ili dada asikie. "Mama, nilisema namchukua nani?"

"Si yule mkweche wako wa fedha? Au umechukua na mtu?"

Fundi akakata simu. Dada alitaka kucheka, kicheko kikakwama.

"Haya, gari limepona. Na mimi? Nilikwambia nimeachika, ukanijibu breki."

"Niliogopa. Nilidhani nikikukumbatia utaona nakuonea huruma."

"Mama yako anajua?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Bado."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe, na wote wawili walilijua. Dada alinyoosha mkono. "Ufunguo."

"Twende wapi?"

"Kwa mama yako. Nikamwambie mwenyewe. Akinikataa, anikatae nikimtazama. Na wewe uamue njiani utakaa upande gani."

Akaingia nyuma ya usukani, akasogeza kiti mbele, akarekebisha vioo. Gari likatoka bila kuzima. Fundi aligusa mkanda, akagusa kioo, akapiga simu.

"Mama, usitoke. Nakuja na mtu ninayetaka kumuoa. Ana la kukwambia, na mimi nalijua, na bado namtaka."

"Mimi hujaniuliza," dada alisema, macho barabarani.

"Nakuuliza. Utanikubali?"

"Ngoja nilipite hili lori."

Akawasha taa ya kulia, akaangalia kioo, akakanyaga mafuta. Injini ikaguna, lori likabaki nyuma.

"Haya," alisema. "Uliza tena, taratibu."